Mgambo wa mwilini na dawa iliyovaa mafuta

Leo nina swali, na tafadhali usinijibu haraka haraka. Ukidungwa sindano ya mshipa, dawa ikishaingia kwenye damu inakwenda wapi? Wengi wetu tunadhani inakwenda moja kwa moja pale panapouma, kama abiria aliyepanda daladala ya Mbagala akashuka Mbagala. Wapi bwana! Dawa haina kituo. Inazunguka mwili mzima na kugonga kila mlango. Dawa ya kansa inafika kwenye uvimbe, sawa, lakini inafika pia kwenye vishina vya nywele, ndiyo maana zinanyonyoka. Inafika kwenye utumbo na mdomoni, ndiyo maana mgonjwa anatoka vidonda na chakula kinamshinda. Nyingine inafika kwenye moyo, na huko ikiharibu kitu hakuna fundi.

Kwa hiyo wataalamu wakaja na wazo ambalo hata mama anayetuma mzigo Tukuyu angelipata: kwa nini tusiifunge dawa ndani ya kifurushi, kifunguliwe kikishafika? Na kifurushi chenyewe kitengenezwe kwa mafuta, kwa sababu hata ngozi ya seli zetu ni ya mafuta.

Wazo zuri. Ila kulikuwa na kikwazo kimoja njiani, na kikwazo hicho ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Mwili wako una mgambo.

JAMAA WASIOLALA

Kijana wa mjini hana haja ya kuelezwa mgambo ni nani. Umetandika turubai lako Kariakoo, umepanga viatu, mara unasikia mluzi, unageuka, mzigo uko kwenye karandinga. Sasa mwilini nako kuna askari wa namna hiyo, seli kubwa kubwa zinazoitwa makrofaji. Jina limetoka kwenye Kigiriki na maana yake ni "mlaji mkubwa". Kazi yao ni kumeza kila kisicho na kibali: bakteria, seli zilizokufa, vumbi lililopenya kwenye mapafu, hata chembe nyekundu za damu zilizozeeka.

Aliyefumbua macho ya dunia juu ya jambo hili ni Mrusi, Ilya Mechnikov. Mwaka 1882 alikuwa Messina, kule Sicily. Familia yake ilikwenda kutazama sarakasi, yeye akabaki nyumbani na hadubini yake. Akachukua watoto wa kiti cha pweza, vile viumbe vya baharini vyenye umbo la nyota, ambavyo vikiwa vichanga huwa kama kioo, unaona hadi ndani. Akawachoma kwa vijiiba vya waridi. Kesho yake asubuhi akakuta seli zimeuzunguka mwiba kama watu waliomzingira kibaka. Mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

Kambi kubwa ya mgambo hawa iko kwenye ini. Hao wa kwenye ini wanaitwa seli za Kupffer, kwa jina la Mjerumani aliyezieleza mwaka 1876. Wamejipanga ndani ya vijishipa vya ini, na karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo inapita mbele yao. Ni kama mizani ya malori pale barabara kuu: huwezi kwenda bara bila kupita. Kambi nyingine iko kwenye bandama. Kiputo cha dawa kikiingia kwenye damu, ndani ya dakika chache tu kimeshapita mbele ya hao jamaa.

VIPUTO VYA BANGHAM

Umewahi kutazama supu ya makongoro inapopoa? Yale macho ya mafuta yanayoelea juu yanakimbia maji na kukumbatiana yenyewe kwa yenyewe. Kuna aina ya mafuta, ile inayopatikana kwa mfano kwenye kiini cha yai, ambayo chembe yake ina pande mbili: kichwa kinapenda maji, mikia inayachukia. Ukiyatia kwenye maji hayawezi kutulia. Yanajipanga safu mbili, mikia ndani, vichwa nje, halafu safu inajikunja mpaka inafunga, inakuwa kiputo chenye maji ndani yake.

Mwingereza Alec Bangham aliviona viputo hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Babraham karibu na Cambridge, kwa hadubini ya elektroni. Makala aliyoandika na mwenzake Horne ilitoka mwaka 1964. Wenzake wakawa wanamtania kwa kuviita "bangosomu". Jina lililodumu, liposomu, alilileta Mmarekani Gerald Weissmann. Kwa Kigiriki ni kama kusema "mwili wa mafuta".

Mwaka 1971, London, Mgiriki Gregory Gregoriadis na bibi mmoja wa Kiingereza, Brenda Ryman, wakatangaza wazo la kuvitumia kubebea dawa. Wakavidunga kwenye panya, kisha wakavitafuta vimekwenda wapi. Wakavikuta kwenye ini na bandama. Yaani kifurushi kimeondoka stendi, na kituo cha kwanza tu kimekamatwa na mgambo.

Kwa miaka karibu ishirini jambo hilo liliwatoa watu jasho. Maabara nyingi zilitengeneza liposomu, na nyingi ziliishia tumboni mwa seli za Kupffer. Kama ugonjwa wako uko kwenye titi au kwenye ngozi, dawa iliyofungiwa ini haikusaidii kitu.

KITOWEO CHA MAKROFAJI

Swali likawa: wanavijuaje? Kiputo kimetengenezwa kwa mafuta yale yale yaliyomo mwilini mwetu. Hakina sare ya adui.

Jibu ni kwamba mgambo wenyewe hawana macho makali kiasi hicho. Wana wapambe. Ndani ya damu zimejaa protini ambazo, zikikutana na kitu kigeni kinachoelea, zinakirukia na kujibandika juu yake. Baadhi ni kingamwili, nyingine ni za kundi liitwalo komplementi. Ukishabandikwa zile, umekwisha, maana makrofaji wana mikono inayozitambua. Mwaka 1903 daktari Mwingereza Almroth Wright alizipa jina la opsonini, kwa neno la kale lenye maana ya kuandaa kitoweo. Mimi nimelipenda sana jina hilo. Muhogo wa kukaanga peke yake unaweza kuupita njiani, lakini ukishanyunyiziwa ndimu na pilipili nani atapita?

Ukubwa nao una maneno yake. Kiputo kikubwa kinakamatwa mapema, kidogo kinachelewa. Liposomu nyingi za leo hazizidi nanomita 100 kwa upana. Ukizipanga kwenye mstari, zinaweza kuenea sabini au themanini kwenye upana wa chembe moja tu nyekundu ya damu. Kisha kuna ugumu: ukichanganya mafuta yaliyokaza na kolesteroli ya kutosha, ukuta wa kiputo unashikamana na protini hazipati pa kushika. Hayo yote yalisaidia, ila kidogo.

KOTI LA MAJI

Ufumbuzi uliotikisa ulikuja mwaka 1990 hivi, na ulitokana na kitu ambacho bila shaka kimo bafuni kwako. Kinaitwa polietilini glaikoli, kwa kifupi PEG. Kimo kwenye losheni, kwenye dawa za meno, kwenye dawa za kulainisha choo. Ni uzi mrefu laini unaopenda maji kupindukia. Ukizipandikiza nyuzi hizo juu ya kiputo cha mafuta zinasimama kama manyoya, zinavuta maji, na kiputo kinakuwa kimevaa koti la maji. Protini za wapambe zikija kujibandika zinateleza. Bila kitoweo, mgambo hawana hamu.

Pale Jerusalem, Yechezkel Barenholz na daktari Alberto Gabizon walikuwa wakihangaika na doksorubisini, dawa ya kansa yenye rangi nyekundu kama juisi ya ukwaju uliotiwa rangi. Wagonjwa wa Ulaya na Marekani wanaiita "shetani mwekundu", nawe unaweza kukisia kwa nini. Ina nguvu, lakini ukiipata nyingi inaua moyo. Wakaifungia ndani ya liposomu zenye koti la PEG. Novemba 1995 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa jina la Doxil, na inahesabiwa kuwa dawa ya kwanza ya nano kuidhinishwa nchini humo.

Iliidhinishwa kwa ugonjwa gani? Kwa kansa ya Kaposi ya wagonjwa wa UKIMWI. Wale walioishi Dar, Kampala au Bukoba miaka hiyo hawahitaji kuelezwa. Yale mabaka ya zambarau miguuni, usoni, kwenye kaakaa la mdomo, tuliyaona kwa kaka zetu na dada zetu, na mtaa mzima ukanong'ona.

Doksorubisini ya kawaida inaondoka haraka kwenye damu na kuingia kwenye tishu zote, moyo ukiwemo. Ile iliyovaa koti inazunguka kwa siku kadhaa. Nusu yake inahitaji kama saa 55 kuondoka. Katika mzunguko huo inabahatika kupita kwenye mishipa ya uvimbe, ambayo imejengwa kienyeji, haraka haraka, kama nyumba za mabondeni: ina matundu. Kiputo kinapenya na kubaki humo. Moyo, ambao mishipa yake imejengwa kwa ustadi, unapata nafuu kubwa.

Lakini ukimkwepa mgambo, kuna bili nyingine. Kiputo kinachozunguka siku nyingi kinapata muda wa kuvujia hata pale pasipotakiwa, hasa viganjani na kwenye nyayo. Mgonjwa anawaka moto mikononi, ngozi inakuwa nyekundu, inababuka. Kina mama wanaambiwa waache kufua kwa maji ya moto na kuvaa viatu vya kubana.

NA WALE WANAOTAKA KULIWA

Hapa, mpenzi msomaji, naomba tusimame kidogo, maana ndipo mimi binafsi niliposema kumbe!

Wakati wengine wanahangaika kumkwepa mgambo, wapo waliojiuliza: je, kama ugonjwa wenyewe umejificha ndani ya mgambo?

Kuna ugonjwa unaitwa kala-azar. Huko Kenya uko Baringo, Pokot Magharibi, Turkana na Wajir. Uganda uko Amudat. Uko Sudani, Sudani Kusini, Ethiopia na Somalia. Unaenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu. Akikuuma anakuachia kimelea, na kimelea huyu ana kiburi cha ajabu. Anamezwa na makrofaji, halafu badala ya kufa anafanya makao humo humo ndani, anazaana. Ni sawa na mwizi aliyepanga chumba kituo cha polisi. Bandama inavimba mpaka tumbo linatangulia mbele, homa haikatiki, mwili unakwisha, na bila matibabu karibu kila mgonjwa anakufa.

Sasa fikiria. Unataka dawa ifike ndani ya makrofaji wa ini na bandama. Na kipo kifurushi ambacho makrofaji wa ini na bandama hawawezi kukiona wakakiacha. Unangoja nini?

Dawa hiyo inaitwa AmBisome. Ndani yake imo amfoterisini B, dawa ya zamani ya miaka ya 1950 iliyotokana na vijidudu vya udongo wa Venezuela, karibu na mto Orinoco. Haina koti la PEG wala haihitaji. Ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 1990. Mwaka 2010 madaktari wa India walichapisha matokeo ya wagonjwa waliopewa dripu moja tu, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito: zaidi ya 95 katika kila 100 walikuwa wamepona miezi sita baadaye. Jirani yao Bangladesh, iliyotumia dripu hiyo hiyo moja, mwaka 2023 ilithibitishwa na WHO kuwa imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya jamii, nchi ya kwanza duniani.

Huku kwetu, jamani, mambo hayakuwa rahisi hivyo. Dripu moja ilipojaribiwa Sudani na Ethiopia ilishindwa kufua dafu, na utafiti ukasimamishwa. Kwa hiyo Afrika Mashariki tiba ya kwanza ikaendelea kuwa sindano mbili za kila siku kwa siku 17, na AmBisome, kwa dozi nyingi, ikawekewa wajawazito, wazee, walio hoi na wenye VVU. Mwaka 2011 kampuni ya Gilead iliyoimiliki ilitia saini na WHO kutoa dawa hiyo bure kwa ajili ya kala-azar.

NILIYOYAONA WODINI

Amfoterisini mimi niliijua kabla sijaijua liposomu. Miaka ya nyuma binamu yangu alilazwa na homa ya uti wa mgongo, ile ya fangasi aitwaye kriptokokasi, ambaye anaishi kwenye udongo na kinyesi cha njiwa na kuwavamia watu ambao VVU vimeshawamaliza kinga. Kichwa kilimuuma mpaka akawa anakigonga ukutani. Akaanzishiwa amfoterisini ya kawaida, ile tupu, isiyo na kiputo.

Dripu ilikuwa ya manjano, imefunikwa isipigwe na mwanga. Nusu saa haipiti anaanza kutetemeka, meno yanagongana, kitanda kinalia. Mablanketi matatu hayatoshi. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Ilikuwa afanyiwe hivyo siku kumi na nne. Shangazi alimvuta nesi pembeni akamuuliza, "Mwanangu, hii dawa inatibu au inaua?"

Nesi yule, Mungu ampe maisha marefu, hakumdanganya. Akamwambia, "Mama, inafanya yote mawili. Ndiyo maana kila siku tunamtoa damu, tuone lipi linashinda."

Siku ya tisa figo zikagoma, ikabidi isimamishwe. Binamu alitoka hospitali akiwa hai, na yu hai mpaka leo, lakini sikutamani kuuona tena ule mtetemeko.

Baadaye nikaja kusoma kwamba amfoterisini ile ile, ukiifungia kwenye kiputo, inazigusa figo kidogo sana. Kwa nini? Kwa sababu haitembei uchi. Imekaa ndani ya ukuta wa mafuta, na kiputo kikikutana na fangasi kinabandika kwenye ganda lake, dawa inahama kutoka kwenye mafuta ya kiputo kuingia kwenye mafuta ya fangasi. Na hapa mgambo wanafanya jambo ambalo hata waliobuni huenda hawakulitegemea: ukimpa mgonjwa dozi kubwa kwa mpigo, makrofaji wanakula mpaka wanashiba. Wakishashiba, viputo vilivyobaki vinapita. Na kile walichokula kinakaa kwenye ini na bandama kama akiba kwa siku nyingi.

Wataalamu wakathubutu kuuliza: je, dripu moja inaweza kuchukua nafasi ya nyingi? Utafiti mmoja, ambao Tanzania ilikuwamo pamoja na Malawi, Zambia na Kamerun, ulionyesha mwaka 2018 kwamba wiki moja ya amfoterisini ya kawaida pamoja na vidonge vya flusaitosini inatosha badala ya wiki mbili. Kisha ukaja wa pili, ulioitwa AMBITION, wagonjwa zaidi ya 800 wa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Nusu walipata wiki moja ya ile ya kawaida. Nusu walipata AmBisome mara moja tu, siku ya kwanza, na kuendelea na vidonge. Matokeo yalitoka Machi 2022. Baada ya wiki kumi, waliokufa kundi la dripu moja walikuwa asilimia 24.8, kundi la kawaida asilimia 28.7. Na madhara makali yalikuwa machache kwa wale wa dripu moja. Mwezi uliofuata WHO ikaitangaza hiyo kuwa tiba inayopendekezwa.

Robo ya wagonjwa bado walikufa, tusisahau. Ugonjwa huu si mchezo. Halafu kuna suala la mfuko. Mwaka 2018 Gilead ilitangaza bei ya dola 16.25 kwa chupa ya miligramu 50, kwa nchi 116 za kipato cha chini na cha kati. Piga hesabu: mtu wa kilo 50 anahitaji chupa kumi, ni dola 162.50. Nani atatoa?

MGAMBO NAO WANAKUMBUKA

Turudi kwenye lile koti la maji. Kwa miaka kadhaa kila mtu aliamini PEG ni kitu kisichoonekana na kinga ya mwili. Ukikitaja kwenye mkutano wa wanasayansi, watu wanatingisha kichwa: hakina shida.

Mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi wakadunga panya liposomu zenye koti hilo, zikazunguka vizuri kama kawaida. Wiki moja baadaye wakawadunga tena, dawa ile ile, panya wale wale. Zikatoweka! Zilikamatwa upesi na kujazana kwenye ini. Wajapani wa Tokushima, Ishida na Kiwada, wakafuatilia wakakuta bandama ndiyo mchongezi: ikishaona dozi ya kwanza inatengeneza kingamwili dhidi ya PEG, zinakaa zikingoja. Dozi ya pili ikija zinairukia, zinaita komplementi, kitoweo kimekamilika.

La kushangaza, dozi ndogo ya kwanza ndiyo inayoamsha kingamwili hizo zaidi kuliko kubwa. Na Doxil je, mbona inafanya kazi mara ya pili na ya tatu? Kwanza inatolewa kwa kuachana wiki tatu au nne, mpaka hasira zipoe. Pili, na hapa nilicheka, mzigo wenyewe ni sumu: seli za kinga zinazoigusa zinaumia na kushindwa kutengeneza kingamwili. Kifurushi kisicho na sumu ndani ndicho chenye shida zaidi.

Komplementi ikiamshwa ghafla inaweza pia kumletea mgonjwa balaa pale pale kitandani. Kifua kinabana, uso unaiva, mgongo unauma, presha inacheza. Mara nyingi ni kwenye dripu ya kwanza kabisa, dakika za mwanzo. Ndiyo maana nesi anaifungua taratibu mno. Wewe unayeuguza ukiona matone yanasuasua usiende kumsumbua aongeze mwendo, na ndugu yako akisema kifua kinabana usimwambie avumilie. Kaite mtu.

KUTOKA INI HADI BEGANI

Waliochanjwa korona kwa Pfizer au Moderna wameshabeba ndugu wa viputo hivi. Zile ni chembe za mafuta zilizofungia ujumbe wa mRNA, nazo zina nyuzi chache za PEG juu. Pale mchezo ni mwingine tena. Chanjo inadungwa kwenye msuli wa bega, na seli za kinga zinazokimbilia pale ndizo hasa zinazotakiwa ziuone mzigo. Safari hii mgambo amealikwa rasmi.

Kabla ya hapo, Agosti 2018, Marekani iliidhinisha patisirani, dawa ya ugonjwa adimu wa kurithi ambao ini linatengeneza protini iliyopinda, ikaenda kuua mishipa ya fahamu. Waliobuni chembe zake walifanya ujanja ambao sijaacha kuufikiria. PEG yake imeshikizwa kwa mkia mfupi ili ikishaingia kwenye damu idondoke. Koti likianguka, protini ya damu iitwayo apolipoprotini E inajibandika pale. Lakini hii siyo kitoweo cha mgambo. Hii ni tiketi ya kuingilia kwenye seli za ini zenyewe, wenye nyumba, ambao wana mlango maalumu wa kupokea mafuta yenye lebo hiyo kila siku ya Mungu. Kwa hiyo ini lile lile lililowakatisha watu tamaa miaka ya sabini, sasa limekuwa ndilo kituo.

Kinachowasumbua leo ni zile kingamwili. Watu wengi wazima, ambao hawajawahi kupewa dawa yoyote ya PEG hospitalini, wamepimwa na kukutwa nazo. Waliochanjwa nao, hasa wa Moderna, zimeonekana kupanda kwa baadhi yao. Kwa chanjo ya mara moja moja haijaonekana kuwa tatizo kubwa. Ila kwa mgonjwa atakayehitaji dripu kila wiki mbili miaka yote, dawa yake inaweza kuwa inachukuliwa na mgambo kabla haijafanya kazi, naye haelewi kwa nini hapati nafuu. Imeshatokea kwenye dawa moja ya gauti iliyovalishwa PEG, ambapo kingamwili ziliifuta kwa wagonjwa wengi. Maabara mbalimbali zinajaribu makoti ya vitambaa vingine.

Na kingamwili hizo watu wamezipata wapi? Wanaoshukiwa kwanza ni sabuni, vipodozi na dawa za kumeza. Nilichukua chupa yangu ya losheni nikaigeuza nyuma, yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. PEG-100, mstari wa tatu. Nikachukua dawa ya meno. Nayo imo.